Sketi ya Muhogo

Jamani, kuna watu wa Malaba ambao mpaka leo wakiniona hawaniiti Amoit, wananiita Mama Mbuzi, na mimi huitika, kwa sababu nimechoka kukana na kwa sababu, kusema kweli, mbuzi alikuwepo, sketi ilikuwepo, na aibu yote ilikuwa yangu, sikuiazima kwa mtu. Kaeni niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa madereva, maana wao wanatia chumvi, wanasema mbuzi walikuwa watatu. Alikuwa mmoja. (Mmoja alitosha.)

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati malori yalipokuwa yanapanga foleni Malaba kupeleka chumvi na sabuni ng'ambo Uganda, ambako vitu hivyo vilikuwa vimeadimika kabisa, na kila mwenye chumba cha mabati karibu na forodha alikuwa amefungua ofisi ya kupitisha mizigo. Ofisi moja, ya Mzee Swaleh, mfanyabiashara wa kutoka Busia mjini, ilikuwa inatafuta taipisti. Mimi nilikuwa nimemaliza kujifunza taipu huko huko Busia, kwenye mashine ambayo ukigonga herufi ya A unasubiri kwanza irudi ndipo ugonge nyingine, kwa hiyo vidole vyangu vilikuwa na subira kuliko mwenyewe.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu toto, maana bila yeye mtasema nilikuwa mkaidi bure. Toto ndivyo sisi Wateso tunavyomwita mama (wageni hudhani tunamwita mtoto, shauri yao). Toto alilima mashamba ya watu, kibarua, huku na huku pale Adungosi, ili mimi nijifunze taipu. Magoti yake yalikuwa yamevimba. Jioni alikuwa anakaa ameyanyoosha mbele yake, anayakanda na maji moto, anaguna, halafu asubuhi unamwona amebeba jembe anakwenda tena. Nilikuwa nimemwapia: nikipata kazi, jembe la watu unaliweka chini. Nisipopata, basi Jumatatu tunakwenda wote wawili kupalilia pamba ya watu, kwa sababu ofisi nyingine zote nilikuwa nimeshabisha hodi na zote zilikuwa zimenijibu nirudi baadaye, na hiyo baadaye yao haikufika kamwe.

Kwa hiyo nikasema, hii ya Mzee Swaleh siikosi. Hata iweje. Na mtu akishasema hivyo, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni: nitavaa nini?

Toto hakuona shida yoyote. Alifungua sanduku lake akatoa gomesi lake la zambarau, lile la hariri hariri lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni, alilokuwa anavalia kanisani na matangani, akaliweka kitandani.

"Vaa hili," akasema. "Mtu akikuona anajua umetoka kwa watu."

"Toto, ofisi si kanisa. Nikiingia na hilo, huyo mzee atafikiri nimesindikizwa kwenda kuolewa."

"Na ukiolewa kuna ubaya?"

"Toto!"

Mimi nilikuwa na sketi yangu ya buluu ya marinda, niliyoishona baada ya kuwaona wasichana wa Nairobi wakishuka kwenye basi pale Busia, marinda yamesimama kama yamekatwa kwa kisu. Ila yao ilikuwa teteroni, na teteroni, kama mnavyojua, haijui kukunjamana. Yangu ilikuwa pamba. Pamba ukiikalia mara moja inaonekana imelala na ng'ombe. Nikasema dawa yake naijua, ni wanga.

Kwetu nani ananunua wanga wa dukani wakati muhogo umejaa shambani? Unachukua unga wa muhogo kidogo, unaukoroga kwa maji baridi, unaumwagia maji yanayochemka, unapata kitu kama uji mwepesi, unachovya nguo, unakamua, unaanika, na kabla haijakauka kabisa unaipiga pasi ya makaa. Kila mtu anajua hivyo. Toto akapita jikoni akaniambia, bila hata kusimama, "Kijiko kimoja kinatosha." Nami nikawaza, kijiko kimoja ni cha mtu anayekwenda sokoni, mimi ninakwenda kwenye intavyu. Nikaweka bakuli.

(Hapo ndipo mambo yote yalipoanzia. Ningekuwa na uwezo wa kurudi nyuma, ningejinyang'anya lile bakuli.)

Uji ukawa mzito, ule wa kumpa mgonjwa. Nikachovya sketi, nikaanika, nikaona bado, nikachovya tena. Nilipomaliza kuipiga pasi, niliiweka chini ikasimama yenyewe, bila mtu ndani. Nikafurahi sana. Toto alikuja akaizunguka, akaigonga kwa kidole, ikatoa sauti.

"Hii si sketi," akasema. "Huu ni mlango wa ghala."

"Toto, haya mambo ya ofisi niachie mimi."

Akaniacha. Ila alitoka nje akaangalia mawingu upande wa Uganda, akarudi ndani, na mimi kwa ubishi wangu sikuuliza ameona nini.

Binamu yangu Etyang alikuwa na baiskeli, kazi yake ilikuwa kubeba watu na mizigo mpakani, nyuma amefunga kimto kizuri. Akaja kunichukua. Kukaa sasa! Mwanamke hukaa upande, miguu pamoja, lakini ile sketi ilikataa kukunjika. Nikikaa, mbele inainuka juu. Nikiisukuma chini, nyuma inainuka. Mwishowe nikakaa nusu nusu, mkono mmoja umeshika kiti cha Etyang, mwingine umekandamiza sketi, cheti changu cha taipu nimekitia kwenye mfuko wa plastiki nikakificha kifuani. Tulipoanza kuteremka mlima upepo ukaingia.

"Amoit, umefungua mwavuli huko nyuma?" Etyang akapiga kelele. "Baiskeli inarudi nyuma!"

"Wewe kanyaga!"

Tulikuwa hatujafika mbali mvua ikatukuta. Etyang, mtu mwenye akili, akaelekeza baiskeli kwenye baraza la duka fulani tujikinge. Nikakataa. Nikamwambia mwenye ofisi alisema asubuhi, na asubuhi haingoji mvua, na kama anaogopa kulowa angezaliwa samaki. Akakanyaga. Haikuwa mvua kubwa, ile ya kupita, lakini ilitupata sawasawa, na nilipofunika kichwa changu (nywele nilikuwa nimezichana zikawa afro safi) nikasahau kwamba kuna kitu kingine chini kinachohitaji kufunikwa.

Mmewahi kupika mrenda, ile mboga inayoteleza? Basi wanga wa muhogo ukilowa ndio huo mrenda. Tulipofika Malaba, nilishuka nikajishika nyuma, mkono ukateleza. Marinda yote yaliyosimama kama kisu yalikuwa yameshikana, moja limeng'ang'ania jingine, na sketi imenibana magoti hivi kwamba natembea kwa hatua za kuku aliyefungwa miguu. Mtu mwingine angerudi nyumbani. Mimi nikasema itakauka.

Nje ya ofisi kulikuwa na benchi, na kwenye benchi alikuwa amekaa msichana mmoja, Roselyn, naye amekuja kwa kazi ile ile. Sketi yake ilikuwa teteroni. Naye alikuwa amenyeshewa, lakini alikuwa amejipangusa tu kwa kitambaa, basi, kama hakuna kilichotokea. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Pole, dada. Umeanguka?"

"Hapana," nikamjibu. "Ni mtindo."

Benchi lilikuwa na madoa ya grisi, maana taniboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, ndio wanaolikalia, na mimi nikaogopa kuharibu sketi (sikilizeni hilo, kuiharibu!). Dirishani kulikuwa na magazeti ya zamani. Nikachukua kurasa mbili, nikatandika vizuri, nikakaa. Jua likatoka kali, kama lile la baada ya mvua, Roselyn akaitwa akaingia, nikasikia taipu inagongwa ndani haraka haraka. Nikawa nawaza magoti ya toto tu. Nikajiambia, Amoit, hata kama mwenzako ni mwepesi, wewe usikosee herufi hata moja.

Roselyn akatoka anatabasamu. Nikaitwa. Nikasimama, nikasikia kitu kinalia kama karatasi, nikadhani ni benchi.

Ndani walikuwa wawili. Mzee Swaleh mwenyewe, kofia nyeupe, miwani, mpole wa sauti, na karani wake mkuu, Bwana Wafula, mtu mnene aliyekuwa anapenda kukohoa kabla ya kusema. Wakaniuliza, nikajibu. Nimesoma wapi, nikasema. Naweza kukaa ofisini malori yakichelewa, nikasema naweza. Cheti nikawapa, kikavu kabisa. Nikaanza kuona mambo yananinyookea. Mzee Swaleh akasema, "Vizuri, binti. Hebu funga mlango huo, kelele za malori zimezidi, halafu ukae kwenye mashine."

Nikageuka kufunga mlango.

Nyuma yangu nikasikia Mzee Swaleh, "Astaghfirullahi," na nilipogeuza shingo nikamwona amevua miwani na kufunika macho kwa mkono, mtu wa heshima zake. Bwana Wafula akakohoa, akakohoa tena, akasema, "Dada, samahani. Ulikalia gazeti. Sasa gazeti limekukalia wewe."

Nikapeleka mkono nyuma. Kurasa zote mbili! Zimegandia, zimekauka, zimekuwa kitu kimoja na sketi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, nikatamani sakafu ipasuke. Lakini hata hapo, sijui ulimi ulitoka wapi, nikasema, "Naomba nitoke kidogo, mzee. Narudi. Msimwite mtu mwingine." Nikatoka kinyumenyume, mgongo kwa ukuta, nikiwainamia kama mtu anayeaga wakubwa.

Nikakimbilia nyuma ya lori moja lililokuwa limeegeshwa uani. Nikaanza kubandua lile gazeti. Linatoka vipande vipande, hiki kinabaki na picha ya nusu mtu, kile kinabaki na nusu habari. Na ndipo alipokuja huyo mbuzi.

Mbuzi wa pale Malaba walizoea kuokota mahindi yanayomwagika kwenye malori, hawaogopi mtu wala honi. Huyu alikuwa beberu, ana ndevu. Akanusa. Akalamba. Kumbe kwake mimi nilikuwa ugali uliosimama! Nikampiga teke, lakini teke gani na sketi imekubana magoti? Akauma rinda moja la nyuma akavuta. Nikavuta. Akavuta. Nikapiga kelele, "Achia! Achia, mwizi wewe!" na kelele ile ikawaita taniboi wote waliokuwa wamelala chini ya malori.

"Wee mbuzi, achia karani wetu!" mmoja akasema.

"Mwache, naye amekuja intavyu!"

Etyang akaja mbio akamshika mbuzi pembe, na wakati anamvuta huko, na mimi najivuta huku, tukasikia kraaa. Mbuzi akaondoka na kipande cha sketi yangu kinaning'inia mdomoni, anatafuna polepole, hana haraka. Na mimi nikabaki na tundu nyuma, na ndani ya tundu inaonekana ile petikoti yangu, ambayo toto aliishona kwa gunia la unga wa ngano, na ambayo maandishi yake mekundu alikuwa ameyafua akachoka. Dereva mmoja mwenye suruali ya belbotomu akayasoma kwa sauti, uzani na yote.

Nililia. Sitawadanganya. Nililia nimeegemea tairi la lori, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, nikiona Jumatatu ile pale, mimi na toto tumeinama kwenye pamba ya mtu, yeye anaguna kwa magoti na mimi najua ni kwa sababu ya bakuli la unga. Etyang akasema, "Panda baiskeli twende nyumbani." Nikamwangalia. Nikapangusa machozi. Nikamwambia, "Nyumbani kuna nini? Mimi narudi ndani hivi hivi. Nitaingia kwa mgongo, nitakaa kwa mgongo, nitapiga taipu. Wao wanaajiri vidole."

Nikaanza kwenda. Ndipo nikasikia jina langu likiitwa langoni.

Alikuwa toto. Ametopea mpaka magotini, viatu vyake ameshika mkononi, kichwani ana mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri kwa kamba. Toto wangu, na magoti yale, alikuwa ametembea kutoka Adungosi kwa njia za mkato za shambani. Aliyaona yale mawingu asubuhi, akajua muhogo na mvua vikikutana kutakuwa na nini, na alipotuona tumepinda kona tu, akafunga gomesi lake akatufuata.

Nilingoja aniambie, "Sikukwambia?" Badala yake aliniangalia mimi, akaangalia lile tundu, akamwangalia mbuzi anayetafuna.

"Kumbe ulipika wanga mpaka wa mbuzi," akasema.

Nikacheka huku nalia. Akanivuta nyuma ya lori, Etyang akavua koti lake akalishika juu kama pazia, akawafukuza taniboi, na toto akanivua ile sketi (ilibidi aikate upande mmoja kwa wembe aliomwomba dereva, ilikuwa imeamua kuishi na mimi), akanivika gomesi, akafunga mshipi, akavuta akavuta mpaka nikakosa pumzi. Mabega yakasimama karibu na masikio yangu.

"Sasa nenda ukafanye hiyo kitu yako," akasema, akakaa chini kwenye jiwe.

Nikaingia. Mzee Swaleh akainua kichwa.

"Wewe ndiye yule wa gazeti?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Hukwenda nyumbani?"

"Sijamaliza intavyu."

Bwana Wafula akakohoa, lakini safari hii nadhani alikuwa anaficha kicheko. Wakanipa barua ya kunakili, ya Kizungu, zile barua zao za mizigo. Nikaketi, nikaingiza karatasi, nikaanza. Polepole, herufi kwa herufi. Na kwa vile siku ile haikuwa imemalizana na mimi, ncha ya ule mshipi wa gomesi ikaingia kwenye mashine pamoja na karatasi, mimi sioni, nagonga tu, mpaka nilipotaka kurudisha mashine mwanzo wa mstari nikajikuta navutwa na kiuno. Mstari mzima nilikuwa nimeupiga juu ya mshipi wa toto! Nikachomoa, sikutazama mtu yeyote usoni, nikaingiza karatasi nyingine nikaanza upya, na hiyo niliimaliza bila kosa.

Mzee Swaleh aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Yule mwenzako anapiga haraka kukushinda," akasema. "Lakini hapa Malaba, binti, kuna mvua, kuna matope, malori yanakwama, madereva wanatukana, na kila msichana ninayemwajiri akitukanwa mara moja tu anakwenda kwao. Mimi nataka mtu ambaye hata akiliwa na mbuzi anarudi mezani. Njoo Jumatatu."

Nilitoka mle mbio, gomesi nimelishika kwa mikono miwili. Toto alikuwa bado kwenye lile jiwe, mtu amempa chai. Nikamwambia, "Toto, Jumatatu hatwendi kwenye pamba." Hakupiga vigelegele, alikuwa amechoka. Aliweka kikombe chini, akajishika magoti yote mawili, akayatikisa kidogo, akayaambia yale magoti, kwa Kiteso, mmesikia? Siku ile alirudi nyumbani nyuma ya baiskeli ya Etyang. Mimi ndiye niliyetembea.

Yale maandishi kwenye mshipi hayakutoka, na baadaye toto akanikataza hata kujaribu kuyafua. Hakujua kusoma. Akaniuliza yanasema nini, nikamtafsiria: mzigo wenu umefika, tumeupokea. Akasema, "Ni kweli." Kila Jumapili alikuwa anafunga mshipi huo maandishi yakiwa mbele, ili watu waulize, na wakiuliza anawaeleza yote, mbuzi ndani, gunia la unga ndani, hata nilipomkanyaga mguu nikimwambia toto, inatosha.

Basi mimi na wanga tuliachana siku hiyo na hatujarudiana. Nguo zangu zikikunjamana, zikunjamane. Toto naye hakuniacha. Miaka mingi baadaye, mimi ni mtu mzima wa ofisi, nikija nyumbani nikamkuta jikoni anamenya muhogo, alikuwa ananitazama kwa pembe ya jicho, kisu mkononi, ananiuliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Amoit, huu tupike, ama leo una mahali pa kwenda?"

"Pika, toto," namjibu. "Pika tule."